Unakatwa bima kazini: pesa inakwenda wapi, inamlinda nani, na kwa nini kadi hukataa

Mama mmoja alifika kituoni kwetu Wampembe jioni, amembeba mtoto wa miaka saba aliyeanguka kutoka kwenye mwembe. Mkono ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko na vidole vimeanza kupoa, dalili kwamba damu haifiki vizuri. Tulimfunga banzi, tukamwandikia rufaa ya kupanda mlima usiku huohuo. Mama alikuwa mtulivu kuliko mimi. Alifungua khanga, akatoa kadi, akasema, "Usiwe na wasiwasi nesi, baba yake anakatwa kila mwezi. Tuna bima."

Kule alikopelekwa mtoto alipokelewa na kutibiwa bila kucheleweshwa, maana dharura haisubiri karatasi. Lakini walipoiingiza kadi kwenye mfumo, ilionyesha imefungwa. Baba ni dereva wa kampuni moja mbali na hapa. Kwa miezi minne mwajiri alikuwa anamkata mshahara na hapeleki michango. Mkono ulipona, namshukuru Mungu. Deni lililipwa kwa mbuzi watatu na nyavu za shemeji.

Tangu siku ile, kila kliniki ya watoto nikipata nafasi naongea kuhusu bima ya kazini. Wengi wetu tunaishika kadi kama hirizi: ipo, basi tumelindwa. Hatujui nani anailipia, kiasi gani, na imeandikwa majina ya nani. Baba ndiye mwenye ajira, lakini anayesimama dirishani na mtoto mgongoni ni mama au bibi. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Bima ni kikoba kikubwa

Ukiwa kwenye kikoba, bima unaielewa tayari. Mbali na hisa, kila wiki mnatoa kitu kidogo kwenye mfuko wa jamii. Mwenzenu akifiwa au akiuguliwa, mfuko unamsaidia. Wewe ambaye hukupata shida mwaka huo hudai chako kirudi, na hakuna anayesema umeibiwa.

Mchango wa bima ni kile kitu kidogo. Kampuni binafsi hupenda kuuita ada ya bima, mifuko ya serikali huuita mchango. Kazi yake ni ileile. Unalipa kabla ya kuugua, ukiwa mzima. Hii ndiyo sehemu ngumu kwetu, maana ukiwa mzima shilingi ina kazi nyingi: daftari, mbegu, sukari, mchango wa harusi.

Chukua hesabu ya kaya 100 zinazotoa shilingi 30,000 kila moja. Hiyo ni milioni 3. Katika kaya hizo 100, labda chache zitapata ugonjwa mkubwa mwaka huo, na milioni 3 zitasukuma. Sasa chukua kijiji kingine ambako wamejiunga 30 tu, na wote wamejiunga kwa sababu tayari wana mgonjwa ndani. Mfuko una 900,000 na wagonjwa 30. Hata uwe mwaminifu namna gani, utakauka kabla ya mwezi wa tatu.

Hili si jambo la kufikirika. Mtakumbuka Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na wazazi wengi waliipenda. Lakini wengi walimlipia yule mtoto mwenye selimundu au tatizo la moyo, wakawaacha wadogo zake wazima. Siwalaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Matokeo yake fedha zilizotoka zilizidi kwa mbali zilizoingia, na mwaka 2023 mfuko ukasimamisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukataka watoto waingie kwa makundi kupitia shule au pamoja na familia. Baadaye kadi ilirejeshwa kwa utaratibu mpya, lakini kuna wazazi waliokaa na mtoto mgonjwa katikati ya mabadiliko hayo, na walihangaika.

Bima ya kazini haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu wote wanakatwa, mzima na mgonjwa, kijana na aliyekaribia kustaafu. Hakuna anayesubiri augue ndipo ajiunge. Hiyo ndiyo nguvu yake.

Kwenye slipu ya mshahara

NHIF ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ikaanza na watumishi wa umma mwaka 2001. Mwalimu, muuguzi, polisi, mtendaji wa kijiji na wengine wengi wa serikali wanachangia asilimia 6 ya mshahara. Nusu, yaani asilimia 3, inakatwa kwa mfanyakazi. Nusu nyingine analipa mwajiri.

Kwa mshahara wa shilingi 500,000, slipu itaonyesha makato ya 15,000. Mwajiri anaongeza 15,000 ambazo mara nyingi huzioni. Jumla ni 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Mwenye mshahara wa milioni moja na nusu anakatwa 45,000. Anatoa zaidi, lakini mtoto wake na mtoto wa yule wa kwanza wanapimwa malaria kwa kipimo kilekile. Ndivyo inavyotakiwa: unachangia kwa uwezo wako, unatibiwa kwa ugonjwa wako.

Nusu ya mwajiri nayo si zawadi. Ni sehemu ya malipo ya jasho la mfanyakazi, ila haipitii mkononi mwake. Asipoipeleka anakuwa amekula haki yenu, na akikata ile nusu yenu halafu akakaa nayo, anakuwa amekula mara mbili.

Angalia pia usichanganye mistari. Kwenye slipu kuna kodi, kuna PSSSF kwa watumishi wa umma au NSSF kwa sekta binafsi, pengine chama cha wafanyakazi na mkopo wa elimu ya juu. PSSSF na NSSF ni akiba ya uzeeni pamoja na mafao mengine. NSSF ina fao la uzazi kwa mwanachama mwanamke aliyetimiza masharti ya michango, na imekuwa na fao la matibabu ambalo mwanachama hujiandikisha kwanza ndipo alitumie. Nimekutana na akina mama wanaosema "tuna bima" kwa sababu slipu ya baba imeandikwa NSSF, na hakuna aliyewahi kujiandikisha popote.

Kuna na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huu mfanyakazi hakatwi hata senti. Mwajiri ndiye anayechangia peke yake. Unahusu mtu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Mume akivunjika mguu akiwa kazini, usikimbilie kuuza shamba kabla hajatoa taarifa kwa mwajiri wake.

Kwa sekta binafsi mambo yamekuwa ya mchanganyiko. Mwajiri mmoja analeta NHIF, mwingine kampuni binafsi ya bima, mwingine hana chochote. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na humo mwajiri wa sekta binafsi naye anabanwa: mchango ni asilimia 6 ya mshahara, na yeye alipe angalau nusu. Kwa hiyo baba au dada anayeajiriwa kiwandani, hotelini au kwenye duka kubwa mjini ana haki ya kuuliza swali hili siku anaposaini mkataba. Si utovu wa adabu.

Kama ni kampuni binafsi, uliza jambo moja ambalo NHIF huwa haliji kwa sura hiyo: kikomo. Bima nyingi za kampuni zina kiwango cha juu cha fedha kwa mwaka, tena pengine kimegawanywa, cha kulazwa peke yake, cha kutibiwa na kurudi nyumbani peke yake, cha uzazi peke yake. Familia inaweza kumaliza kikomo mwezi wa Septemba na kadi bado ikaonekana nzuri tu. Uliza pia hospitali zao ziko wapi. Bima inayopokelewa Dar es Salaam tu haimsaidii mtoto aliyeko Wampembe kwa bibi yake. Ukiona kampuni inazungusha, malalamiko ya bima binafsi yanapokelewa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

Majina sita

Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize zaidi. Mchango wa mtumishi kwenye NHIF unalinda mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne. Hao wanne wanaweza kuwa watoto ambao hawajavuka umri unaokubalika, wazazi au wakwe. Lakini hakuna anayeingia mwenyewe. Mtu anaweza kukatwa miaka kumi, na jina lililoko kwenye mfumo likawa lake peke yake.

Nawakiri kosa langu. Mwanangu wa kwanza alikaa miezi saba bila kuandikishwa, na mama yake ndiye huyu anayewaandikia. Cheti cha kuzaliwa nilikuwa sijafuatilia, kila wiki nasema wiki ijayo. Tukasafiri, akaugua kichomi, hospitali iliyokuwa karibu ilikuwa ya binafsi. Kila mwezi mshahara wangu ulikuwa umekatwa, nikalipa taslimu kama mtu asiye na bima. Muuguzi mwenzangu wa pale aliniangalia, hakusema kitu. Afadhali angesema.

Kwa mtoto unahitaji cheti cha kuzaliwa. RITA wana mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti hicho hakilipiwi. Kifuatilie ukiwa bado unaleta mtoto chanjo, usisubiri aanze shule. Kwa mwenza kinahitajika cheti cha ndoa, na hapa kwetu wengi tumeishi pamoja miaka mingi, mahari imekwenda, wazee wanajua, ila karatasi hakuna. Bima haiwajui wazee. Na nafasi ya mwenza ni moja. Kama mmeolewa wawili, mmoja wenu hayumo, na ni bora ajue leo apange njia nyingine kuliko kujua akiwa kwenye uchungu.

Kuhusu wale wanne, kaeni mzungumze. Nimeona nyumba ambayo baba ameandika watoto wa kaka yake mjini na binti yake wa kumzaa hayumo. Sisemi wasisaidiwe. Nasema mama wa nyumba ajue majina ni yapi, asishangae dirishani. Bibi mwenye shinikizo la damu anayemeza dawa kila siku anaweza kuwa na uhitaji mkubwa kuliko mtoto mchanga, ambaye kwenye kituo cha serikali anatibiwa bila malipo.

"Si mmesema mjamzito na mtoto ni bure?"

Swali hili naulizwa kila wiki, na ni la haki. Sera ya afya inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kwenye vituo vya serikali. Ni kweli, na usikubali kutozwa. Lakini msamaha huo una kingo zake. Hauhusu hospitali ya binafsi wala duka la dawa. Siku dawa imekwisha kituoni, utaandikiwa ukanunue. Na mtoto akifikisha miaka mitano, ndipo hasa anaanza kupanda miembe.

Tena nyumba si mama na mtoto tu. Baba akilala wiki mbili, nyumba nzima inayumba.

Sisi wa ziwani tusio na slipu

Wengi Wampembe hatuna mwajiri. Mvuvi anagawana mapato na tajiri mwenye chombo, hana mshahara, na mgao hauna mstari wa bima. Mkulima wa juu kule Ufipa hali ni hiyohiyo kwa mahindi na maharage.

Kwa kaya kama hizo kumekuwepo CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii. Ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, na ulipoboreshwa mwaka 2018 kiwango kiliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Serikali nayo huongeza kiasi sawa na mlichochanga, ndiyo ile tele kwa tele mnayoisikia. Ukiangalia vizuri, ni kama ile ya mwajiri: wewe unaweka nusu, mwingine anaweka nusu. Inakutibu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kufuata rufaa. Ukipewa rufaa ya kwenda Mbeya kwenye hospitali ya kanda, CHF inakuacha Sumbawanga. Sheria mpya ya bima kwa wote inaleta kitita kimoja cha msingi na viwango vyake, hivyo kabla ya kutoa pesa yako muulize mtendaji wa kijiji au mganga mfawidhi ni kiwango gani kinachotumika sasa. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, upate ujumbe kwenye simu. Usimpe mtu noti mkononi, hata awe ndugu.

Kinachotuangusha ni msimu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Waliokuwa wamelipa bima migebuka ilipokuwa mingi walikaa miezi mitatu bila kipato lakini kadi inafanya kazi. Waliosema "tutalipa Juni" hawakulipa. Kuna kikundi kimoja cha akina mama wanaokaanga na kukausha dagaa walioamua kuweka 2,500 kila mwezi kwenye sanduku lao, kila kaya. Mara kumi na mbili ni 30,000 kamili. Hakuna aliyelia.

Kadi ikikataa

Usirudi nyumbani na mgonjwa. Kama ni dharura, atibiwe kwanza. Halafu uliza dirishani sababu hasa ni nini, maana "imekataa" ni maneno mengi ndani ya neno moja. Inaweza kuwa umekuja bila rufaa. Inaweza kuwa jina limekosewa herufi. Inaweza kuwa mtoto amevuka umri unaokubalika. Inaweza kuwa mwanachama ameacha kazi, na ajira ikikoma bima nayo hukoma, pamoja na ya watoto. Kwa mtumishi wa umma aliyestaafu kwa taratibu ni tofauti, yeye na mwenza wake huendelea kutibiwa.

Na inaweza kuwa mwajiri hajapeleka michango. Hapo ushahidi wako ni slipu. Mfanyakazi azikusanye za miezi yote aliyokatwa, apeleke kwanza kwa mwajiri kwa maandishi na kubaki na nakala, kisha ofisi ya mfuko wa bima ya mkoa, na asiposikilizwa aende ofisi ya kazi. Kama kuna chama cha wafanyakazi, aende na kiongozi wao. Yule dereva alifanya hivyo akiwa na wenzake tisa, maana kumbe walikuwa wengi na kila mmoja alidhani ni bahati mbaya yake peke yake. Michango ikaanza kwenda. Fedha za hospitali alirudishiwa kwa awamu, ya mwisho ilichukua karibu mwaka.

Mama aliyeajiriwa mwenyewe akienda likizo ya uzazi, siku 84 au 100 kama ni mapacha, ni likizo yenye malipo, na kwa kuwa mshahara unaendelea, mchango wa bima nao unaendelea. Akikuambia mwajiri kwamba bima imesimama kwa sababu uko nyumbani, muombe aandike hivyo kwenye karatasi. Mara nyingi hataandika.

Jambo la mwisho ni nauli, kwa sababu huku kwetu ndiyo inayoua kuliko bili. Bima hailipi mafuta ya boti wala gari la kupanda mlima. Kwa mjamzito mwenye dharura, mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga ambaye hajafikisha siku 28, kuna usafiri wa m-mama. Unapiga 115, simu hailipiwi, na usafiri wenyewe haulipiwi. Iandike kwenye mlango wa jikoni kwa mkaa, ambapo hata bibi asiyekuwa na simu ataiona na kumwambia jirani apige.